Ndege wa Asali Alitupeleka Chooni

Leo watoto wangu wameniona nikimkimbia ndege mdogo kuliko ngumi.

Watu wa Ukambani, niteteeni hapa.

Ni mambo ya Kalamba, miaka ya themanini. Baba alichoka kutuona tumejikunyata jikoni. "Mtoto hujifunza nje! Twendeni porini."

Huko ndege wa asali, yule anayeongoza watu hadi kwenye nyuki, akaanza kutuita. Baba akampigia mluzi, tukamfuata na ukuni wa moshi.

Tukapita miiba. Tukavuka mto mkavu. Tukapanda kilima, tukashuka.

Ndege akatua juu ya choo chetu.

Nyuki walikuwa wamehamia chini ya paa. Na ndani, jamani, alikuwa mzee wa kanisa, mgeni wa Mama.

"Baba, tungoje atoke," nikamsihi.

"Tukimnyima ndege asali yake, kesho atatupeleka kwa nyoka!"

Akafukiza moshi.

Mzee alitoka mbio, suruali mkononi, nyuki nyuma, akapotelea kwenye mbaazi.

Baba akamwekea ndege kipande cha sega juu ya jiwe, akatugeukia kwa fahari. "Mmeona faida ya kutoka nje?"

Sauti ikajibu kutoka kwenye mbaazi:

"Mimi nimeiona!"