Kitanda cha Karani

Dinah Wakesho aliwapikia wasichana wa shule moja ya bweni kule Bura mpaka nywele zake zikawa rangi ya jivu la meko yake. Alipostaafu alirudi shambani kwake Wusi na sufuria kubwa aliyozawadiwa na walimu, na paka. Alikuwa amemwokota stoo ya shule akiwa mdogo wa kujaa kiganjani. Alimwita Karani, kwa kuwa alipenda kukaa juu ya magunia ya mahindi, akitazama huku, akitazama kule, kama anayehakiki mzigo.

Mwanawe, Lewis, alihamia Mombasa kikazi, na nyumba ikabaki na watu wawili, mmoja wao paka. Dinah alizoea kumweleza mambo. Karani alizoea kusikiliza nusu.

Mwaka huu, mahindi yalipokwisha kuingia stoo na ukungu ulikuwa bado unateremka vilima kila asubuhi, Karani alianza kutetemeka. Yalianza masikio, yakicheza kama yameguswa na nzi. Ikafuata ngozi ya mgongo, kisha udenda, kisha miguu ya nyuma ikawa inakwenda njia yake.

"Ni uzee, Mama Lewis," alisema jirani yake, Obadiah, akiegemea jembe. "Hata mimi magoti yanatetemeka, na hakuna aliyenipeleka kwa daktari."

"Yako yanatetemeshwa na pombe ya dengelua."

"Basi mpe naye kikombe, tulingane." Halafu akashusha sauti. "Ukiwa tayari, niambie. Nitamchimbia pahali pazuri, pale nyuma ya jiko."

Dinah alimtazama paka. "Kama ni uzee, nitakaa naye mpaka aende. Lakini kama ni ugonjwa, siwezi kumzika bila kuujua."

Kwa kuwa alidhani baridi imemwingia mifupani, alichukua gunia lililobaki mavunoni, akalikunja vizuri, akamtandikia karibu na meko. Karani alijilaza hapo, akajiramba, akafumba macho. Lakini badala ya kupata nafuu, alizidi.

Ndipo Dinah alipomtia kwenye kikapu akateremka naye Voi, nyumbani kwa mdogo wake, Abby. Daktari wa mifugo alikuwa ameenda kuchanja mbuzi huko mashambani, ikabidi wasubiri wikendi nzima. Abby alimlaza mgonjwa ndani ya katoni, juu ya leso kuukuu. Kufikia Jumatatu mgonjwa alikuwa juu ya meza, kichwa ndani ya sahani ya Abby.

"Dada, huyu unampeleka kwa daktari au kwa polisi?" Abby aliuliza.

Daktari, Mkamba mmoja mpole aitwaye Muasya, alimtazama Karani akitembea kifua mbele juu ya meza ya chuma. "Mama, huyu ndiye mgonjwa, au umemsahau nyumbani?"

Waliokuwa wakingoja na kuku wao walicheka. Dinah aliona haya, lakini hakuinuka kitini. "Alikuwa anatetemeka, daktari. Nimeona kwa macho yangu."

Muasya aliacha kutabasamu. Alimfungua Karani kinywa, akamminyaminya tumbo, akamsikiliza moyo. "Jino moja limeoza, na uzee upo. Lakini uzee haumwachi mtu kwa sababu ameteremka Voi. Akianza tena, usinieleze kwa maneno. Mpige video."

Walirudi Wusi. Karani aliingia moja kwa moja kwenye gunia lake karibu na meko, na haikupita siku masikio yakaanza kucheza. Dinah alishika simu kwa mikono miwili, akapiga video, akaituma. Jibu lilikuja kwa sauti: "Mlete leo. Na kila anacholalia, kilete."

Alimfunga ndani ya gunia lake asipate baridi, akaondoka. Obadiah aliwaona wakipita, akavua kofia bila utani wowote.

Muasya alimtoa paka, kisha akalikung'uta gunia juu ya meza. Unga mweupe ukatanda kwenye chuma kama ukungu. Aliuchota kwa ncha ya kidole chenye glavu, akaunusa.

"Mama, gunia hili lilikuwa na kazi gani?"

Dinah aliliona akilini gunia hilohilo limetandazwa uani, na yeye amepiga magoti, anachanganya mahindi na dawa ya fukusi kama afanyavyo kila mavuno.

"Nimemtandikia sumu," alisema. "Kwa mikono yangu."

"Umemtandikia joto, mama. Dawa ilijificha ndani ya joto." Muasya alikuwa tayari anachanganya maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. "Sisi tukiitumia vizuri haitudhuru. Mwili wa paka hauiwezi. Kwanza alikalia magunia ya stoo, halafu ukampa la kulalia kabisa, naye kazi yake ni kujiramba. Shika kichwa."

Wakamwosha. Karani alimpiga daktari makucha, na Dinah akacheka huku machozi yakimtoka, maana paka anayekwenda kufa hapigani hivyo. Alilazwa kliniki mpaka mtetemeko ulipokwisha, jino bovu nalo likang'olewa.

Aliporudi Wusi na kikapu chake, ndani Karani amelala juu ya sweta ya Lewis, Dinah alikuta shimo nyuma ya jiko. Lilikuwa limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka, na Obadiah amesimama kando yake, hajui aweke wapi mikono.

"Niliona ulivyomfunga gunia," alisema. "Nikadhani sanda."

Kichwa kikachomoza kikapuni, kimekasirika.

"Sasa shimo langu, Mama Lewis?"

Dinah aliweka kikapu chini. "Wewe una machipukizi ya migomba kwako. Lete moja."

Wakapanda jioni hiyo hiyo. Karani alikaa kando juu ya sweta, akitazama huku, akitazama kule, akihakiki.