Kiu ya Doria

Mwanaume akibanwa na mkojo ndani ya gari la kivita huokota chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, akageukia mlango wa nyuma, akamaliza haja yake huku wenzake wakimtania. Mimi je? Kwenye barabara ya Lafey, huku Mandera, hakuna kushuka ovyo. Mabomu hutegwa mchangani, na gari halisimami mpaka kamanda aseme.

Nilikuwa mwanamke wa kwanza kwenda doria katika kambi ile. Nilisimama kwenye tundu la juu la gari, nyuma ya bunduki ya rashasha, na kazi hiyo niliipenda, wallahi, sioni haya kusema. Mama yangu, muuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, aliposikia nimeingia jeshini alininunia kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Haya, hooyo, mwanangu, umeyataka mwenyewe. Basi usinirudie umeshindwa."

Kamanda naye siku ya kwanza aliniambia, uso mkavu, "Mimi sikuomba wanawake, nimeletewa. Siku gari langu litakaposimama kwa ajili yako, utaenda getini kupekua akina mama."

Kazi ya getini naijua. Mwanamke hapekuliwi na mwanaume, kwa hiyo lazima awepo mwanamke wa kupapasa mabuibui na vikapu kutwa nzima. Sikuvumilia mafunzo yale yote kwa ajili ya vikapu.

Basi nikajifunza kutokunywa. Chai ya asubuhi niliipokea, nikaishika kidogo, nikaimwaga nyuma ya hema. Njiani nililowesha midomo tu ili asiwepo wa kuniuliza. Nilijiambia nimefunga, kwani saumu si kitu kigeni kwangu. Lakini anayefunga kwetu hutafuta kivuli adhuhuri, si kusimama juani na kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi. Kichwa kiligonga kila jioni. Mkojo wenyewe ulitoka kidogo, mweusi kama chai ya strungi isiyotiwa maziwa, nikaogopa, na bado kesho yake sikunywa. Ningemwambia nani? Nikisema nimebanwa, ni getini. Nikinywa nikajikojolea, ni getini tena, na kicheko juu yake.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku moja tulilinda lori lililotitia kwenye laga, ule mto mkavu, hadi alasiri. Tulipoanza kurudi kambini niliona barabara ikipinda mahali isipopinda. Nilipofumbua macho nilikuwa chali sakafuni, dereva ananimwagia maji usoni. Dereva. Maana yake gari lilikuwa limesimama.

Kamanda akaniinamia. "Ulikunywa maji leo?"

Karibu na kiatu chake ilikuwepo ile chupa iliyokatwa shingo. Nilitamani kumwonyesha kwa kidole na kumwambia yote. Lakini nikisema ni getini, nikinyamaza ni getini, na angalau nikinyamaza wanaume wale hawatazungumzia mkojo wangu wakati wa chakula.

"Ni joto, afande," nikasema.

Akatikisa kichwa, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko tusi. "Si kosa lako. Joto la huku si la wanawake."

Joto la kwetu! Yeye ametoka kwenye baridi na majani chai, mimi nimezaliwa humu humu, halafu anifundishe joto.

Sasa niko getini. Kuna kivuli, kuna choo, kuna mtungi wa maji baridi, nakunywa nitakavyo. Akina mama wa Mandera huniita abaayo, dada, na wakiisha kupekuliwa hunitazama kwa jicho baya. Mama akipiga simu kuuliza habari za doria, namwambia salama.

Majuzi aliletwa binti kutoka bara ashike rashasha yangu. Jioni kabla ya doria yake ya kwanza alikuja akaniuliza, "Dada, nijihadhari na nini?" Nikamweleza kila kitu bila kuficha. Nikamwambia, "Kunywa maji. Ukibanwa, sema kwa sauti, mwache kamanda akasirike."

Akacheka. "Dada, mimi simwogopi mtu." Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga. Nikamjazia chupa yake kwenye mtungi kwa mkono wangu.

Kesho yake gari likarudi alasiri. Wanaume wakashuka wakimpigapiga mabegani, na kamanda akasema kwa sauti, nami nisikie, "Huyu sasa ndiye mwanajeshi." Binti akaja pale getini, midomo imepauka na kupasuka, akatabasamu bila kunitazama machoni. Akanipa chupa nimshikie afungue kofia.

Chupa ilikuwa ya moto, na maji niliyomjazia bado yamejaa mpaka kifunikoni.