Sakafu ya Herlinda

Herlinda Zepeda alifika na sufuria lake la pozole, mahindi na nyama ya nguruwe, chakula alichowapikia wanamuziki kila Jumamosi. Alisikia mlio wa drili kabla hajaufikia mlango, akajua Evaristo, mkuu wa ukumbi, ametimiza tishio lake la kuweka meza.

Ndani ya ukumbi huo wa muziki, Tanuri, mbele kabisa ya jukwaa, meza za vioo zilikuwa zimekazwa sakafuni kwa bolti. Hapo ndipo vijana wa roki wa mtaa wa Doctores walipochezea tangu ukumbi ufunguliwe. Waligongana mabega, wakazunguka kama maji yanayochemka, na mmoja akianguka, mikono yote ilishuka kumwinua. Sasa atakayeanguka atapokewa na pembe ya meza.

"Hizi ni za wanaonunua chupa nzima," alisema Evaristo, akipangusa kioo kwa mkono wa shati. "Watu wa heshima. Hao wako wa kurukaruka wataruka kule nyuma, karibu na vyoo. Si ndiko unakokaa wewe?"

Vyoo ndivyo vilivyokuwa kazi yake sasa. Zamani, jengo hilo likiwa kiwanda cha mikate kilichokufa, yeye na Evaristo walilala humo juu ya magunia. Yeye ndiye aliyezoa masizi. Yeye ndiye aliyepigilia mbao za sakafu, huku Evaristo akisimama mlangoni na kujitambulisha kuwa mkurugenzi. Ukumbi ukapata jina, Evaristo akapata kimwana wa kumkalisha kwenye dirisha la tiketi. Akamwambia Herlinda hawakufunga ndoa, kwa hiyo hana chake pale. Ila kwa huruma tu, anaweza kubaki akasafisha. Akabaki. Watu walisema hana haya. Waseme. Angeondoka, nani angekumbuka kuwa aliwahi kuwapo?

Alasiri bendi ikaja kujaribu vyombo. Yadira, mwimbaji wao, kichwa kimenyolewa upande mmoja, alisimama katikati ya meza na gitaa mgongoni.

"Shangazi Linda, vipi tena? Tumeitwa kupiga harusini?"

"Muulize mkurugenzi."

"Basi sisi hatupigi. Watu wataumia hapa."

Evaristo akamvuta Herlinda kando. Sauti yake ilikuwa imegeuka asali.

"Linda, watoto hawa wanakusikiliza. Waambie ni salama. Nitakutoa vyooni, nikuweke baa."

Miaka yote hiyo alikuwa akiingoja sauti ile. Na ilipokuja, ikaja kumtuma akadanganye.

Alikwenda stoo, akarudi na spana. Akapiga magoti chini ya meza ya kwanza.

"Unafanya nini, wewe mwanamke?"

"Nasafisha."

"Ukifungua nati hiyo, leo hii unatoka hapa!"

"Wewe ulishanitoa zamani. Leo natoka mwenyewe." Nati ikalia, ikalegea. "Yadira, mwanangu, shika mguu huo."

"Naita polisi!"

"Waite, mzee," alisema Yadira, akiinamia meza. "Ndio watakuimbia leo."

Nje foleni ilikuwa imeanza kurefuka, na tiketi zilikwisha kuuzwa. Evaristo aliitazama, kisha akatazama jukwaa tupu. Hakuita mtu. Meza zikatolewa moja baada ya nyingine hadi kando ya barabara, na ya mwisho ilipotoka, Evaristo alimfungia Herlinda nje kwa mkono wake mwenyewe.

Herlinda hakugonga. Aliweka sufuria alilotoka nalo juu ya kioo cha meza moja, akaanza kuwapakulia waliokuwa kwenye foleni.

Jua lilipozama muziki ukalipuka ndani. Barabara ikatetemeka, na mchuzi ukacheza bakulini.

"Mbao zangu hizo," alimwambia msichana aliyekuwa akila. "Sikiliza."

Evaristo akachungulia mlangoni. "Nirudishie meza zangu!"

"Ngoja watu wamalize kula," alisema Herlinda, akachota upawa mwingine.