Okwir na Gari Lililoinuliwa

Okwir aliendesha magari ya polisi kwa miaka ishirini na miwili bila kugonga hata mbuzi. Alipostaafu, mwenye kampuni moja ya walinzi alimpa usukani wa gari lake kubwa pamoja na nyumba ya vyumba viwili huko Ggaba. Vitu hivyo havikutenganishwa: aliyeshika usukani ndiye aliyelala ndani ya nyumba.

Mwaka jana bosi aliliinua gari kwa springi ndefu, inchi nne nzima, ili lionekane kwa mbali. Tangu hapo usukani ulitetemeka kila gurudumu lilipokanyaga shimo. Bosi, aliyeketi nyuma, aliona jambo moja tu: mikono ya dereva wake ikicheza. Akasema Okwir amekuwa mlevi. Okwir hajawahi kuonja pombe.

Kamis, mwenye gereji yetu hapa Namuwongo, Kampala, alimpokea kwa utani kama kawaida yake.

"Afande, hii ni gari ama twiga?"

"Twiga haitetemeki," Okwir alijibu bila kucheka. "Nataka karatasi. Bosi amesema fundi aandike: gari ni mbovu ama dereva ni mbovu. Kama ni dereva, Ijumaa narudisha funguo ya nyumba."

Mafundi watatu wa gereji nyingine walikuwa wamekwisha kulipandisha kwa jeki na kuyatikisa magurudumu yakining'inia hewani, wasione kitu. Kamis naye akainamia jeki. Mimi, fundi wake wa kike, nikamwomba aiache. Gari likining'inia, kiungo kilichochakaa hupumzika na kujificha. Uzito wa gari lenyewe ndio unaokifichua, hasa springi ndefu zinapokuwa zimezilaza fimbo zote za chini ya gari mshazari.

"Haya, profesa wetu ameongea," Kamis akasema. "Ingia chini."

Nilitandika kipande cha boksi, nikaingia chini magurudumu yakiwa ardhini na injini ikinguruma. Nilichora mstari wa chaki kukatiza kila kiungo, kisha nikamwomba Okwir ageuze usukani kidogo, kushoto na kulia, bila kukoma. Kwenye tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, mistari ilibaki mizima. Kwenye fimbo ndefu inayoizuia ekseli isiteleze kando, mstari ulikatika vipande viwili kila alipogeuza. Mpira wa bushi, ule unaokaa ndani ya kiungo, ulikuwa umekwisha, na tundu la bolti kwenye chesi, yaani fremu ya gari, lilikuwa limetanuka likawa na umbo la yai. Nililipima: lilizidi unene wa bolti kwa milimita tatu.

"Mzee Okwir," nikasema nilipotoka, "gari ndilo bovu. Njoo uone."

Nilitarajia afurahi. Alichuchumaa, akautazama ule mstari. Kamis alipokwenda kutafuta bushi mpya, akaniita kwa sauti ya chini, kwa neno la heshima la Waganda kwa mwanamke.

"Nyabo, weka bushi mpya. Lakini hiyo bolti usikaze sana. Acha icheze kidogo."

"Kwa nini, mzee?"

Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mbele yangu. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana polepole, bila yeye kuvituma, kana kwamba vinafikicha punje ya mtama.

"Hii ilianza kabla gari kuinuliwa. Nilikuwa naomba Mungu bosi asione. Halafu gari nayo ikaanza. Mwaka mzima imenifunika. Ukiikaza, nitabaki mimi peke yangu."

"Na watoto wa bosi, unaowapeleka shule?"

Aliurudisha mkono mfukoni.

Nikamwambia kwamba sijui kukaza bolti nusu.

Kamis aliporudi, tulichomelea bamba jipya juu ya tundu, tukaweka bushi, nikakaza bolti mpaka mwisho wa kipimo chake. Kwenye karatasi ya bosi niliandika fimbo, bushi na tundu. Mahali pa dereva niliacha wazi. Okwir aliisoma mara mbili.

"Hujaandika dereva ni mzima."

"Sikuweza, mzee."

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. Mimi naye tukatoka kulijaribu gari katika barabara ya Ggaba. Alipita juu ya matuta, akayatafuta mashimo kwa makusudi, moja baada ya jingine. Usukani ulitulia kabisa. Juu yake mkono wa kulia uliendelea kufikicha, nasi sote wawili tuliuona.

Kabla ya kufika Kansanga aliegesha kando, akazima injini, akauweka ufunguo wa gari mapajani mwangu. Kisha akampigia mkewe. Fatumah alizaliwa katika kambi ya polisi, na baina yao huzungumza Kiswahili cha kambini.

"Fatumah, anza kufunga vyombo."

Sauti ya mkewe ilipanda, akiuliza kama gari limeshindikana kutengenezwa. Okwir alisubiri imalizike.

"Hapana," akasema. "Gari imepona."