Mbwa Aliyefundishwa Mara Mbili

Mimi nina hasira za karibu. Naanza na hilo ili mtu asinione mpole kwa kuwa leo nasimulia taratibu. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, naikumbuka kwa ukungu mwembamba wa asubuhi za Juni kule Mkonze, baridi ikipenya chini ya mlango, na mume wangu amechuchumaa uani mbele ya mbwa mdogo, wanatazamana tu. Alikuwa mtunza stoo serikalini. Walipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai na kalenda ya ukutani. Miezi kadhaa hakutaka kuongea na mtu. Aliamka, akanawa, akakaa kwenye kiti uani.

Kisha akaleta mbwa. Jike, rangi ya udongo, amepewa na daktari wa mifugo mmoja wa Kizungu kule Mpwapwa aliyekuwa anarudi kwao. Mume wangu aliwahi kumwona mama wa mbwa huyo akifanya kazi porini: kwale anapigwa, anaangukia katikati ya miiba, mbwa anaingia na kutoka naye mdomoni, hata unyoya haukupinda. "Mama watoto," aliniambia, "nikimpata mbwa wa namna ile, basi." Basi nini, hakusema. Ila siku hiyo alicheka, mara ya kwanza tangu apunguzwe, nikafurahi mpaka nikaona aibu.

Kila aliyepita kwetu alituachia njia yake ya kumfundisha mbwa wa kuwinda. Alale njaa. Afungwe kamba moja na mbwa mzee, aburuzwe porini mpaka aelewe. Apakwe damu ya ndege puani. Mume wangu alisikiliza wote kwa adabu, akashukuru, akafanya yake. Alichukua soksi ya mtumba, akaijaza manyoya ya kwale, akaifunga kwa katani. Anairusha kwenye mabua ya mtama uliokwisha vunwa, anapiga mluzi. Mbwa akiileta bila kuitafuna, anapewa tonge la ugali. Akiitafuna, hapigwi, mchezo unaishia hapo, mume wangu anageuka na kwenda zake. Asubuhi baada ya asubuhi, hivyo hivyo. Watu wakamwita mwalimu mkuu. "Mwalimu mkuu, wanafunzi hawajambo?" Naye anajibu kwamba wanaendelea vizuri.

Mimi nilikaa mlangoni mwa jiko nikichambua mlenda, nikisikia mluzi ule ukienda mbali na kurudi, jua likipanda polepole ndani ya vumbi, nikawa kama nimesinzia na macho yako wazi. Sidhani kama nimepata raha ya namna ile tena.

Tatizo lilikuwa kuku wa bibi jirani. Alikuwa mjane, na kuku wake ndio waliokuwa chumvi yake na sabuni yake. Mbwa akiwa bado mdogo sana alimuua mmoja. Nikambeba kuku wetu, nikaenda kumlipa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu nimempokea. Ila akifa mwingine, wajukuu zangu watammaliza huyo mbwa wenu, na tusije tukalaumiana."

Kisha akanionea huruma, akanipa dawa. Yai lichemshwe, lizungushiwe manyoya ya kuku, mbwa abanwe nalo mdomoni likiwa la moto. "Mara moja tu," akasema. "Hatatamani manyoya tena."

Nilipomweleza mume wangu, alitikisa kichwa. "Mbwa wa ndege kazi yake iko mdomoni. Ukiuunguza, umemfukuza kazi."

Mwezi uliofuata akaenda msibani Hombolo, siku tatu. Siku ya pili asubuhi nilikuwa nafagia uani, ukungu haujaondoka, nikamwona mbwa anakuja polepole kutoka upande wa ua wa minyaa, kichwa juu. Mdomoni ana kuku wa bibi. Akaja mpaka miguuni pangu, akaketi, akasubiri nimpokee. Nikampokea. Kuku alikuwa mzima, moyo unamdunda mkononi mwangu, hana hata mchubuko. Nilipomweka chini alijikung'uta, akaenda zake huku akilalamika.

Mbwa alikuwa amefanya yote aliyofundishwa, na niliona hivyo pale pale. Siwezi kujitetea kwamba sikuona. Lakini akilini niliona pia wajukuu wa bibi na marungu yao, nikamwona mume wangu anarudi na kukuta uwanja mtupu, anakaa tena kwenye kile kiti. Hofu kwangu haikai sana, hugeuka hasira. Nikachemsha yai. Nikalifunga manyoya, nikamwita, akaja mbio akitikisa mkia. Nikambana taya kwa mikono yangu miwili.

Kutwa nzima alikunywa maji. Mume wangu aliporudi nilimwambia labda amekula mfupa.

Walipoanza kuwinda niliongozana nao, nimebeba maji. Mume wangu alipiga kwale kwa gobori la baba yake, kwale akaangukia miibani. Akapiga mluzi. Mbwa akaingia bila kusita. Tukasubiri, hatoki. Tukainama tukachungulia: alikuwa amempata. Alisimama juu yake, pua karibu imguse, anatetemeka mwili mzima, mkia unakwenda, macho kwa mume wangu. Mluzi tena, taratibu. Hakumnyanyua. Mume wangu akaingia mwenyewe, akatoka na ndege na mikono inavuja damu.

Ikawa hivyo msimu ule, na uliofuata. Kuku hakugusa tena; bibi jirani alimpenda, akawa anamtupia makoko ya ugali. Mbwa alikufa kwa uzee.

Siku moja tukiwa mezani, mume wangu alisema, "Kosa si la mbwa. Ni mimi niliyemfundisha vibaya." Alisema huku anatazama sahani. "Sijui ni kitu gani mimi nakiweza."

Nilikuwa na jibu. Ningemwambia kwamba uliweza, baba watoto, mbwa aliniletea kuku mzima mzima mkononi, kama ulivyotaka. Angefurahi, kisha angeuliza, sasa ikawaje? Nikachukua upawa, nikamwongezea mchuzi. Ni miaka mingi sasa tangu nimzike, na alikufa akiamini kwamba hata mbwa alimshinda.