Jagi Chini ya Kaunta

Mama anayemimina divai kwenye chumba cha wageni cha kiwanda hakupi glasi kabla hajainusa mwenyewe. Anafuta mdomo wa chupa kwa pindo la aproni, anamimina vidole viwili tu vya ile nyekundu ya zabibu za mlimani, ananusa, ndipo anakukabidhi, kucha zake zikiwa bado za zambarau tangu mavuno. Ukibakiza, hakuulizi kitu. Mabaki yako anayamwaga papo hapo, na kila mara bosi hunguruma, "Mama, unamwaga jasho langu!"

"Jasho lako, mate yao," humjibu bila kugeuka.

Siku moja alitoka kuwasindikiza wageni wa basi la kwanza, akarudi akakuta glasi zao zote tupu na jagi limejaa mabaki yao chini ya kaunta. Wageni wa basi la pili walikuwa wameshajipanga. "Wape hii kwanza," bosi akamnong'oneza. Uso ukamwiva. Akajaza glasi moja pomoni kutoka kwenye jagi, akampelekea bosi mbele ya watu wote. "Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza. Karibu, bosi wangu."

Bosi akacheka kidogo, akashika tumbo, akasema leo limechafuka.

"Pole. Kumbe na wewe una tumbo," akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, akalimwaga jagi lote. Kisha akafungua chupa mpya, akaifuta mdomo kwa pindo la aproni, akamimina, akanusa.