Siku Niliyomtahini Mama Mkwe

Kwetu mkwe hatazamwi. Nilipoposa Utange, wazee wa nyumbani walinifunza kwamba nikikutana na mama wa mke wangu njiani nishuke baiskeli, nisimame pembeni, nimsalimie huku nikiangalia miguu yangu, naye apite kwanza. Sikula naye sahani moja wala kukaa naye mkeka mmoja. Akiwa na neno nami, humwambia binti yake, nami humjibu binti yake, hata kama sote watatu tumo katika chumba kimoja. Sikuona uzito wowote katika mambo hayo. Nilifikisha miaka kumi ya ndoa na sura ya mama mkwe naijua kwa ubavu tu.

Siku hizo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa karani katika ghala moja la Changamwe. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaishia hapo. Kila asubuhi nilitoka Mikindani kwa baiskeli pamoja na wenzangu wa viwandani na bandarini, tukibanwa na malori ya mizigo hadi kwenye mchanga wa kando. Haikuwa ajabu kufika kazini ukaambiwa fulani hatakuja leo, na pengine hatakuja tena.

Ndipo kamati moja ya usalama barabarani ilipoanzisha mafunzo. Hayakuwa ya kumfunza mtu kuendesha. Yalikuwa ya kuwafunza wale ambao wangekwenda kufunza wengine, katika shule, viwanda na vijiji. Wiki mbili za mafunzo, kisha mtihani, na aliyefaulu alipewa cheti cha kumruhusu kusimama mbele ya watoto na kuwaambia, fuateni ninavyofanya. Nilikuwa katika kundi la kwanza na nilifanya vizuri. Mkuu wa mafunzo akanibakiza niwe mtahini msaidizi, kila Jumamosi na siku za likizo yangu.

Mkuu huyo alikuwa askari wa trafiki aliyestaafu, mtu wa bara. Kiswahili chake kilitukwaruza masikio sisi wa pwani, lakini alijua kazi yake. Alfajiri alikuwa ameshafika kwenye uwanja wa shule tuliokuwa tukiutumia karibu na njia ya uwanja wa ndege, amechora mistari ya chokaa na kupanga mikebe iliyojaa mchanga. Karatasi ya mtihani ilikuwa na mambo kumi na mawili, na mtahini aliweka alama mbele ya kila jambo. Kabla ya kila mtihani mkuu alituambia maneno yale yale.

"Usiweke alama kwa kitu hujaona na macho yako. Ukiweka, wewe umeua mtu. Ni vile tu hajakufa bado."

Jambo la saba ndilo lililowaangusha wengi. Mwendeshaji anayetaka kukata kulia ni lazima kwanza ageuze kichwa juu ya bega la kulia, atazame nyuma kweli kweli, ndipo anyooshe mkono, ndipo akate. Kukata kulia ni kuvuka njia ya magari yanayokuja nyuma yako. Mkono peke yake hausimamishi lori.

Kundi la tatu lilipofika nilipewa orodha ya majina nikaona jina la mama mkwe.

Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Utange, mjane, umri wake umepita hamsini. Baiskeli aliijua kuliko wengi wetu. Marehemu mumewe alikuwa akipeleka nazi sokoni Kongowea kwa baiskeli, na alipougua miguu, mama alivaa suruali ndani ya kanzu yake, akajifunga leso kiunoni, akazipeleka mwenyewe. Watu walisema wakachoka. Kilichomleta Changamwe ni mtoto mmoja wa darasa lake. Msichana huyo alikuwa amepakiwa na kaka yake kwenye keria, kaka akakata kulia barabara ya Malindi bila kutazama, gari likawapata kwa nyuma. Kaka alipona. Msichana alivunjika mguu vibaya, akawa anachechemea. Mama mkwe alitaka kuwafunza watoto wa Utange wote, na shule zilizokuwa karibu naye zilikataa mtu asiye na cheti.

Sikuwahi kuona mwanafunzi kama yeye. Alikuja kwa kubadili magari mawili kila siku, akafika kabla ya waliokuwa wakiishi Changamwe. Hakuwa na aibu ya kuuliza. Siku ya kwanza vijana wawili waliokuwa wamekaa ukutani walimrushia maneno.

"Mathe, hiyo ni baiskeli ama ndege?"

"Ni baiskeli, baba," akawajibu bila kusimama. "Ndege ni ile yapita juu, kama hujaiona."

Wakacheka wao wenyewe, na kesho yake wakamshikia baiskeli akipanga mikebe.

Kwa siku zote hizo nilijitafutia kazi upande mwingine wa uwanja. Tulikuwa watahini wawili, na nilijua mwenzangu ndiye atakayemtahini. Siku ya mtihani mwenzangu akaugua homa. Mkuu akanipa karatasi zote.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kulikuwa na sharti kwamba mtu hamtahini jamaa yake. Ningesema tu, "Afande, huyu ni mama mkwe wangu," mkuu angemchukua yeye, na dakika mbili baadaye jambo lingesahaulika. Nilinyamaza kwa sababu mkuu alikuwa karibu kurudi kwao, na ilisemekana ananifikiria mimi kushika nafasi yake. Sikutaka aone jambo nisiloliweza.

"Shikamoo mama," nikasema, macho kwenye chokaa.

"Marahaba," akasema, naye akiangalia usukani.

Mtahini hufuata nyuma kwa miguu, hatua kumi. Mambo sita ya kwanza yalipita, kwa kuwa ni ya kukagua breki, cheni na kengele baiskeli ikiwa imesimama. Likaja la saba. Akapanda, akaenda kwa mstari ulionyooka kama uzi, nami nyuma yake. Upepo ukaipeperusha leso yake. Niliona mgongo wa mama mkwe juu ya tandiko la baiskeli, mbele yangu, na watu wanatutazama, nikainamisha macho. Nilitazama chokaa, nikatazama gurudumu la nyuma. Nilipoinua uso alikuwa ameshanyoosha mkono na kukata kulia, vizuri kabisa.

Nikaweka alama.

Alifaulu yote kumi na mawili. Mkuu alimkabidhi cheti jioni ile, tukapiga makofi.

Siku ya nne akaja Mikindani. Hakuwa na kawaida ya kuja kwangu bila kuitwa. Alikaa barazani upande wa wanawake, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na mke wangu akakaa kizingitini, katikati yetu.

"Mwambie mumeo," mama akaanza, "cheti kile kina uongo ndani yake. Ni mmoja tu, lakini ndio ule ule uliomvunja mtoto mguu."

Mke wangu akanigeukia. "Mama asema cheti kina—"

"Nimesikia."

"Mwambie nilipofika pale pa kukata sikutazama nyuma. Nilijua yeye yuko nyuma yangu. Niliona haya kugeuka nikamtazama mkwe wangu usoni mbele ya watu. Sasa muulize, yeye aliona nini?"

Mke wangu akanitazama. Nikainamisha macho kwenye mkeka, naye akamgeukia mama.

"Hakuona," mama akasema. "Nilijua. Tulistahiana mpaka tukadanganya."

Nilimwambia mke wangu amwambie mama kwamba jambo hilo ni dogo. Yeye ajizoeze nyumbani, mara kumi, mara ishirini, mpaka azoee, na hapo cheti kitakuwa kweli.

"Mama, asema ujizoeze—"

"Namsikia, nina masikio. Mwambie cheti si ndizi, ati ukifungie ndani kiive."

Mke wangu akainuka. "Basi mimi naeleza nini hapa? Mwasikizana wenyewe. Naenda kutazama chungu changu."

Akaenda kweli. Tukabaki na pazia lile bila mtu wa katikati, na hakuna aliyeweza kusema neno tena. Baadaye kidogo nikasikia viatu vya mama vikishuka ngazi.

Asubuhi yake alikwenda Changamwe mwenyewe, akaweka cheti mezani kwa mkuu. Nilikuwa nje nikisukuma baiskeli kwenye banda, na dirisha lilikuwa wazi.

"Sikutazama nyuma," alisema. "Nimekuja kurudisha."

"Na mtahini yeye alitazama wapi?"

Niliacha kusukuma baiskeli.

"Mtahini hana makosa. Jua lilimpiga machoni."

Mkuu akaniita ndani. Mama alikuwa ameangalia sakafu, mikono juu ya mkoba wake.

"Ati jua ilikuwa kwa macho yako?"

"Ndiyo, afande," nikasema.

Mtihani ulikuwa saa mbili asubuhi, na mstari ule tuliufuata kuelekea magharibi. Jua lilikuwa migongoni mwetu. Mkuu alichora mstari ule mwenyewe kwa chokaa yake, alijua unakoelekea kuliko mtu yeyote. Alinitazama hivi, kwa muda, kisha akachukua cheti na kukitia kwenye droo. Hakuniuliza tena. Alimwambia mama sheria ni moja, akitaka cheti itabidi arudie wiki mbili zote na kundi lijalo. Mama akasema inshallah atarudia.

Akarudia. Kundi la nne lilijaa vijana wa viwandani, na wao walimwita "mama wa kurudia darasa". Sikuwaambia lolote. Nilimsikia mmoja akimuuliza kama amezipenda sana chai za hapa, naye akamwambia chai si mbaya ila mikate yao myembamba. Alishinda juani akizunguka mikebe ile aliyokuwa anaijua kwa kichwa, na mimi niliyemfikisha pale nilikuwa kivulini na karatasi zangu. Mtihani wake aliutoa mkuu mwenyewe. Niliangalia kutoka mbali. Mama alipofika pale pa kukata, aligeuza kichwa mpaka kidevu kikagusa bega, akamtazama yule askari mzee, ndipo mkono ukatoka.

Mkuu aliporudi kwao nilipewa nafasi yake. Kwa miaka mingi nikasimama mbele ya makundi mapya na kuwaambia wasiweke alama kwa wasichokiona, na kila mara nilipofika kwenye maneno hayo sauti yangu ilinitoka kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Sikumwandikia mkuu kumwambia ukweli. Nilisema nitamwandikia baada ya Idi, kisha baada ya Idi nyingine, mpaka tukapata habari kwamba amefariki.

Mama mkwe alikuwa akifunza Utange. Habari zake zilinifikia kupitia wengine. Walisema amewazoeza watoto mpaka wakiwa wanatembea kwa miguu hugeuza kichwa kabla ya kuvuka. Walisema yule msichana aliyechechemea ndiye aliyekuwa akishika orodha ya majina, na hakuna aliyepigiwa kelele kama kaka yake alipokuja kuomba afunzwe upya.

Katikati ya miaka ya tisini kamati iliamua kila mwalimu akaguliwe ndipo cheti chake kiandikwe upya. Utange iliangukia kwangu. Safari hii nilisema. Nilimwambia karani wa kamati kwamba huyu ni mama mkwe wangu, atumwe mwingine. Alitumwa mwingine, kijana mzuri, na mimi nikaenda naye kumwonyesha njia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, ila nilikuwa na haja yangu.

Tulimkuta uwanjani na watoto kama thelathini na baiskeli nne. Kijana akakagua, akaandika, akaridhika. Alipomaliza, mama akawageukia watoto.

"Huyo pale ndiye mkubwa wa walimu wote wa baiskeli," akasema, bila kunielekea. "Mwambieni awaonyeshe jambo la saba."

Watoto wakaniletea baiskeli nyeusi, kuukuu, ile ile ya nazi. Nikapanda. Nilikuwa na umri wa kutosha kuona aibu mbele ya watoto. Mama akanifuata nyuma kwa miguu, hatua kumi, kama nilivyomfuata mimi siku ile.

Nilipofika pale pa kukata niligeuza kichwa juu ya bega la kulia. Nikamwona uso mzima, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alikuwa na jicho moja dogo kuliko jingine, na kovu dogo nyusini ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Hakuinamisha macho. Alikuwa ananitazama kama mtahini anavyopaswa kumtazama mtu.

Badala ya kunyoosha mkono nikasimamisha baiskeli. Hapakuwa na mke wangu wa kusema kwa niaba yangu.

"Mama," nikasema, na watoto wote wakisikia, na yule kijana wa kamati pia. "Siku ile jua lilikuwa nyuma yetu. Mimi ndiye sikutazama, na nikaweka alama. Kisha nikakuacha uubebe uongo ule peke yako."

Msichana wa orodha alikuwa amefika kando ya mama, kalamu mkononi.

"Najua, baba," mama akasema. "Rudi mwanzo wa mstari. Umetazama vizuri, lakini umesimama katikati ya njia, na mkono haujatoka."

Nikarudi mwanzo wa mstari.